Uzoefu wa Kazi na Elimu ya Ujasiriamali: Funzo kutoka Musoma hadi Madale

Utangulizi

Neno "uzoefu" limekuwa kama sarafu katika nchi yetu. Mwajiri hulidai katika tangazo la kazi, mhitimu huhangaika kulitafuta, na chuo kikuu hulitolea alama baada ya majuma manane ya mafunzo kwa vitendo. Tangu elimu ya ujasiriamali ilipoingia katika vyuo vyetu neno hilo limeongezeka uzito, maana sasa mwanafunzi anaambiwa asikae kungoja kuajiriwa, bali ajiajiri mwenyewe na awaajiri wenzake. Lakini hakuna mtu awezaye kujiajiri katika kazi asiyoijua.

Hata hivyo, tukiuliza uzoefu ni nini hasa, majibu hayafanani. Kwa wengine uzoefu ni muda: mtu amekaa mahali fulani miezi miwili au miaka miwili. Kwa wengine ni barua yenye mhuri. Kwa wengine ni hadithi za kujieleza mbele ya jopo la usaili. Makala haya yanakusudia kulifafanua jambo hili kwa makada na wanafunzi, kwa kutazama kwanza historia ya nchi yetu, na kisha hali ya mahali pamoja panapojulikana na wengi, yaani Madale, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam.

Hoja yetu ni hii: uzoefu wa kazi haupimwi kwa muda mtu aliokaa mahali pa kazi. Uzoefu ni kuupitia mzunguko mzima wa uzalishaji, tangu kununua malighafi hadi kudai deni la mwisho, huku ukiwajibika kwa matokeo mbele ya watu unaofanya nao kazi na watu unaowauzia. Mafunzo yasiyomfikisha mwanafunzi hapo yatampa cheti, lakini hayatampa uzoefu.

Kazi na elimu katika historia yetu

Katika jamii zetu za zamani hapakuwa na ukuta kati ya kujifunza na kufanya kazi. Kijana wa mvuvi pwani alijifunza upepo, mikondo ya maji na matumizi ya nyavu akiwa ndani ya chombo. Kosa lake halikungoja mtihani wa mwisho wa mwaka. Lilionekana jioni ile ile, kwa kuwa nyumbani watu walikula kidogo. Mwalimu wake alikuwa mtu ambaye naye angelala njaa kama mwanafunzi hakujifunza.

Ukoloni ndio uliojenga ukuta. Ulihitaji makarani, wakalimani na watumishi wa chini wa serikali, na elimu iliyotolewa ililingana na mahitaji hayo. Hapo ndipo ilipozaliwa kasumba kwamba msomi ni mtu mwenye mikono laini, na kwamba shule ni ngazi ya kuikimbia kazi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 bendera ya mkoloni ilishushwa, lakini kasumba hiyo haikushuka pamoja nayo.

Chuo Kikuu chetu kilifungua milango mwezi Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu uliowataka wasomi watumike katika Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao kwa kipindi hicho. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo lilionyesha ukinzani uliokuwa umejificha: taifa la wakulima na wafanyakazi lilikuwa likiwasomesha vijana wachache kwa jasho la wengi, na vijana hao walikuwa wameanza kujiona ni watu wa aina nyingine.

Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunalikumbuka kwa shamba la shule. Lakini kiini chake hakikuwa jembe. Kiini kilikuwa kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi, na kwamba matokeo ya kazi hiyo, yawe mema au mabaya, yaonekane katika maisha yao wenyewe. Katika shule nyingi sehemu ya kwanza ilitekelezwa na ya pili ikasahauliwa. Wanafunzi walilima, lakini hawakupanga. Walivuna, lakini hawakujua mavuno yaliuzwa kwa bei gani wala fedha zilikwenda wapi. Mahali pengine shamba likawa adhabu ya mchelewaji. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha lengo: mtoto alifundishwa kwamba kazi ya mikono ni mateso.

Funzo la Azimio la Musoma

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa maamuzi mawili makubwa kuhusu elimu. La kwanza, watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. La pili, njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu ifungwe. Kijana alitakiwa kwanza apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndipo aombe nafasi ya chuo akiwa na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya tawi la Chama.

Katika Afrika nzima hapakuwa na nchi nyingi zilizothubutu kufanya jaribio la namna hiyo. Ni wajibu wetu kulichambua kwa haki, bila kulisifu kupita kiasi na bila kulibeza.

Upande wa mafanikio, darasa la chuo lilipata watu wapya. Mtu aliyekwisha kufanya kazi kiwandani, benki au katika ofisi ya wilaya alikuja na maswali. Mhadhiri alipofundisha uongozi wa mashirika ya umma, mwanafunzi aliweza kunyanyuka na kusema jinsi shirika lake lilivyoendeshwa kwa kweli. Nadharia ilikutana na shahidi.

Upande wa upungufu, mambo matatu yalijitokeza. Kwanza, idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, kwa sababu miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ambayo msichana aliolewa, alizaa na kubeba mzigo wa nyumba. Kuanzia mwaka 1976 ilibidi wanawake waondolewe katika sharti hilo, na baadaye likalegezwa pia kwa baadhi ya fani zilizokosa waombaji wa kutosha. Pili, aliyetakiwa kusoma hisabati au fizikia alikaa miaka mitatu katika kazi isiyohusiana kabisa na fani yake, akarudi akiwa amesahau aliyofundishwa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa mada yetu, mapendekezo yalianza kugeuka desturi tupu. Palipotakiwa kupimwa kazi ya mtu, pakapimwa barua yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sharti la kufanya kazi kabla ya kuingia chuoni lilikuwa limeondolewa.

Tunajifunza nini? Wazo la Musoma lilikuwa sahihi: kazi itangulie au iambatane na elimu ya juu. Kilichokosekana ni kipimo. Azimio lilihesabu miaka. Halikuwa na njia ya kuhesabu mtu amejifunza nini ndani ya miaka hiyo. Vyuo vyetu leo vinarudia kosa hilo hilo kwa kipimo kidogo zaidi, vikihesabu majuma.

Ujasiriamali ni mali ya nani?

Kabla ya kuendelea hatuna budi kujibu swali ambalo makada wengi hulificha moyoni. Je, kumfundisha kijana ujasiriamali si kumfundisha ubepari?

Historia yetu katika jambo hili haikunyooka. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kwa kutambua kwamba mhunzi, seremala na msindikaji mdogo ni sehemu ya ujenzi wa uchumi wa taifa. Lakini miaka kumi baadaye, mwaka 1983, ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na mchuuzi wa Dar es Salaam asiye na kazi iliyotambuliwa akahesabiwa mzururaji wa kukamatwa na kupelekwa mashambani. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lilifungua mlango wa shughuli binafsi hata kwa viongozi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kituo cha Ujasiriamali. Na Desemba 2018 mchuuzi yule yule aliyekuwa mzururaji mwaka 1983 alianza kupewa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000. Kwa hiyo mtu hakubadilika, wala kazi yake haikubadilika. Kilichobadilika ni jina tulilompa.

Uchambuzi sahihi hauanzi na jina, unaanza na uhusiano wa mtu na kazi. Yuko anayekusanya nguvu zake, ujuzi wake na mtaji wake mdogo akazalisha kitu ambacho hakikuwapo, au akakifikisha kwa wanaokihitaji. Huyu ni mzalishaji. Na yuko anayeficha bidhaa zipande bei, anayechanganya chakula cha mifugo na takataka, au anayewakopesha akina mama kwa ile mikopo iliyopewa na wananchi wenyewe jina la kausha damu. Huyu ni mlanguzi, hata akivaa suti na kujiita mjasiriamali. Elimu ya chuo kikuu isiyoweza kuwatenganisha watu hawa wawili ni elimu hatari, kwa sababu katika kitabu cha hesabu wote wawili huandika neno moja: faida.

Na mahali pa kujifunza tofauti hiyo si ukumbi wa mihadhara. Ni mahali ambapo bidhaa inatengenezwa na kuuzwa kwa jirani.

Hali ilivyo Madale

Madale iko katika Wilaya ya Kinondoni, upande wa bara wa Barabara ya Bagamoyo, nyuma ya kilima cha Wazo. Katika kilima hicho kuna kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Miaka ya nyuma eneo hili lilikuwa mashamba na mapori. Jiji lilipopanuka, watu walinunua viwanja na kuanza kujenga, na leo ujenzi ndio moyo wa uchumi wa mtaa.

Yeyote apitaye huko ataona jinsi kazi moja inavyozaa nyingine. Anayejenga anahitaji matofali, basi kuna wanaofyatua matofali kando ya barabara. Anahitaji madirisha na mageti, basi kuna wachomeleaji vyuma. Anahitaji milango, basi kuna maseremala. Mafundi wanahitaji kula, basi kuna mama lishe. Nyumba ikiisha, mwenye nyumba hujenga banda uani na kufuga kuku. Kuku wanahitaji chakula, basi kuna duka la pumba, mashudu na dagaa. Mizigo yote hiyo inahitaji kubebwa, basi kuna bajaji, pikipiki na maguta.

Hiki ni chuo kizima, ingawa hakina lango wala kofia za mahafali. Kina wahadhiri wa hesabu za gharama, ambao ni mama lishe wanaojua kwa kichwa sahani moja ya wali inagharimu kiasi gani siku mchele ukipanda. Kina wataalamu wa masoko, ambao ni vijana wa matofali wanaomjua mteja mlipaji na mteja msumbufu kabla hajafungua mdomo. Na Mlimani si mbali na Madale. Daladala humfikisha mwanafunzi siku hiyo hiyo na kumrudisha. Umbali uliopo ni wa fikra. Mwanafunzi anayetoka Madale kwenda chuoni hufundishwa ujasiriamali kwa mifano ya makampuni ya Marekani, na banda la kuku la mama yake, lililomlipia karo, halitajwi hata mara moja.

Mzunguko mzima: hesabu ya matofali

Tutoe mfano wa hesabu. Bei tunazotumia ni za kufundishia tu, maana bei za soko hubadilika.

Tuseme mwanafunzi amejiunga na kikundi cha kufyatua matofali. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 wameununua kwa shilingi 16,000. Kwa mchanganyiko mzuri wanapata matofali 30. Mchanga ni shilingi 6,000, maji 2,000, na ujira wa mafundi ni shilingi 300 kwa kila tofali, yaani 9,000. Gharama yote ni shilingi 33,000. Tofali likiuzwa shilingi 1,500, mapato ni 45,000. Kinabaki 12,000. Hivi ndivyo mpango wa biashara unavyoandikwa darasani, na mwanafunzi hupata alama nzuri.

Sasa kazi yenyewe ianze. Matofali hayakumwagiliwa maji ya kutosha siku za mwanzo, matatu yakavunjika wakati wa kupakia. Yamebaki 27, na mapato yamekuwa 40,500. Faida imeshuka hadi 7,500. Kisha mteja mmoja, jirani anayeheshimika, amechukua matofali tisa kwa mali kauli, akiahidi kulipa mwisho wa mwezi. Hayo ni shilingi 13,500. Mkononi zimeingia 27,000 tu, wakati zilizotumika ni 33,000. Katika daftari kikundi kina faida ya 7,500. Mfukoni kina pengo la 6,000. Mfuko unaofuata wa saruji na ujira wa mafundi vitalipwa kwa nini?

Hapa mwanafunzi anajifunza jambo ambalo mihadhara kumi haiwezi kumfundisha: kwamba faida na fedha taslimu ni vitu viwili, na kwamba biashara nyingi hufa zikiwa na faida daftarini. Anajifunza pia kudai deni kwa mtu anayemwita mzee bila kuvunja heshima na bila kupoteza haki ya wenzake. Hiyo ni sanaa, nayo haina kitabu.

Kisha linakuja jaribu kubwa. Mmoja katika kikundi anasema: "Tuongeze mchanga, tupate matofali 40 katika mfuko ule ule." Hesabu inavutia. Mapato yanakuwa 60,000. Mchanga unapanda hadi 8,000 na ujira hadi 12,000; saruji na maji vinabaki vilevile, na gharama yote ni 38,000. Kinabaki 22,000 badala ya 12,000. Kwa macho ya daftari huyu ni mjasiriamali hodari. Lakini shilingi 10,000 zilizoongezeka zimetoka wapi? Hazikutoka katika ujuzi wala katika bidii. Zimetoka katika ukuta wa mwalimu wa shule ya msingi aliyejinyima miaka mingi ili ajenge vyumba viwili, na ukuta huo utaanza kumung'unyika mvua za masika zikifika. Faida hiyo ni wizi uliocheleweshwa.

Mwanafunzi aliyekaa katika kikao hicho, akapinga au akakubali, amefanya mtihani wa itikadi kwa vitendo. Uwajibikaji mbele ya mnunuzi ndio unaomtenga mzalishaji na mlanguzi.

Muda wa mafunzo na muda wa kazi

Jambo la pili ni muda. Katika Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1973, ulijengwa utaratibu wa mafunzo kwa vitendo wa majuma manane. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi nayo imekuwa ikitaja fedha za mafunzo kwa vitendo kwa siku zisizozidi 56, ambazo ni majuma manane kamili. Kwa hiyo umma unalipia siku hizo, na una haki ya kuuliza zinazaa nini.

Kila kazi ina mzunguko wake wa asili. Kuku wa nyama huwa tayari kwa soko baada ya majuma matano hadi sita. Mwanafunzi akitumia juma la kwanza kusafisha banda, kutandaza maranda na kuandaa joto la vifaranga, kisha akawalea, akawapa chanjo za kideri na gumboro kwa siku zake, akatafuta wauza chipsi na mama lishe wa kununua, akauza, akadai, na juma la nane akafunga hesabu mbele ya wenzake, amepita mzunguko mzima. Atakuwa amegundua kwamba chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa kuliko zote ya gharama, na kwamba kuku aliyekosa mnunuzi kwa wakati huendelea kula faida kila asubuhi. Matofali nayo huweza kukamilisha mizunguko kadhaa katika majuma hayo manane.

Mahindi hayawezi. Mwanafunzi wa kilimo anayefika shambani wakati wa palizi na kuondoka kabla ya mavuno ameona kipande tu. Halikadhalika kuku wa mayai, ambao huanza kutaga baada ya miezi mitano hivi. Kwa kazi za namna hii yafaa mwanafunzi arudi mahali pale pale mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, auone mzunguko kwa awamu, badala ya kupelekwa kila mwaka mahali papya kama mgeni.

Ukinzani wa utaratibu wa leo

Tukijipima kwa haki tutaona ukinzani wa aina tatu katika mafunzo kwa vitendo kama yanavyoendeshwa mahali pengi.

Kwanza ni ukinzani kati ya kuwapo na kufanya. Mwanafunzi anapelekwa ofisini, anapewa kiti pembeni, anatumwa kutoa nakala na kuleta chai. Jioni anaandika katika daftari la mafunzo kwamba amejifunza utawala. Mhadhiri wake hupita mara moja, husaini, huondoka. Hakuna aliyesema uongo wa wazi, lakini wote watatu wanajua.

Pili ni ukinzani wa kitabaka katika kupata nafasi. Mwenye mjomba katika shirika kubwa hupata mahali pazuri. Mtoto wa mkulima hutembea na barua yake kutoka ofisi hadi ofisi. Na akipata, huenda akafanya kazi ya mtu mzima bila ujira. Huo si uanagenzi, huo ni unyonyaji uliobandikwa jina la elimu. Katika Ujerumani mwanagenzi hugawa muda wake kati ya kiwanda na darasa, lakini ana mkataba na analipwa posho. Jina la mafunzo halifuti haki ya anayefanya kazi.

Tatu ni ukinzani kati ya ujuzi wa mtaa na cheti cha chuo. Taifa limekwisha kuanza kuutatua kwa upande mmoja: kupitia VETA, fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake. Lakini chuo kikuu bado hakimwiti fundi huyo kuwa mwalimu. Anaweza kutambuliwa kama mwenye ujuzi, lakini haruhusiwi kumpa alama mwanafunzi anayefundishwa ujuzi huo.

Kazi zilizo mbele yetu

Kutokana na uchambuzi huu tunaona kazi tano.

(a) Mafunzo yapimwe kwa mzunguko. Mwanafunzi wa ujasiriamali asipewe alama mpaka aonyeshe kitu kimoja alichokizalisha au kukiuza tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na hesabu yake ya kweli, ikiwa ni pamoja na hasara. Aliyepata hasara na kuieleza sawasawa apate alama nzuri kuliko aliyebuni faida.

(b) Fundi awe mtahini. Mama lishe, mfyatua matofali na mfugaji wapewe sehemu ya alama, kwa dodoso fupi la Kiswahili: je, alifika kwa wakati, alitunza fedha, aliharibu nini, alirekebisha vipi? Na walipwe posho kwa kazi hiyo, kama mhadhiri anavyolipwa.

(c) Kazi ya mwanafunzi ilipwe au igawiwe. Mahali pa kazi pasipoweza kulipa posho pampe mwanafunzi sehemu ya ziada iliyopatikana. Anayefanya kazi bila kugusa matokeo atabaki kibarua, hajifunzi ujasiriamali.

(d) Tujifunze kwa vikundi. Mfano upo. Mwaka 2011 wahitimu na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walianzisha ushirika wa wahitimu wajasiriamali, SUGECO. Umuhimu wake kiitikadi ni kwamba unavunja dhana kuwa mjasiriamali lazima awe mtu mmoja anayewashinda wengine. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Kikundi kitakachochanganya wanafunzi na mafundi wa mtaa, chenye daftari safi, ni mkopaji bora kuliko kikundi kilichoundwa siku mbili kabla ya fomu kutolewa.

(e) Tusirudie kosa la Musoma kwa wanawake. Mpango wowote wa kazi uulize mapema: mwanafunzi mwenye mtoto atafanyaje? Msichana atarudi vipi kutoka eneo la kazi usiku? Nani atamlinda dhidi ya msimamizi mwenye tamaa? Mpango usiojibu maswali haya utawaacha nje nusu ya vijana wetu, kisha utashangaa kwa nini hawapo.

Hitimisho

Wazee husema ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Tumenena vya kutosha juu ya kujiajiri. Kila mwaka maelfu ya vijana huvua majoho ya mahafali wakiwa na mpango wa biashara ulioandikwa vizuri, na wengi wao hawajawahi kuuza hata yai moja kwa mtu asiye ndugu yao. Lawama si yao. Sisi tuliowapa alama kwa kukaa ofisini ndio tuliowafundisha kwamba kukaa ni kufanya.

Sera ya Elimu na Mafunzo iliyozinduliwa Februari 2025 imeupa mkondo wa amali nafasi katika elimu ya sekondari. Vijana watakaopitia huko watafika vyuoni wakiwa wamekwisha kushika nyundo na sindano. Itakuwa aibu wakikuta chuo kikuu bado kinawauliza barua yenye mhuri.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Taja kazi moja inayofanyika katika mtaa au kijiji chenu. Mzunguko wake mzima unachukua majuma mangapi, na mwanafunzi angeweza kushika hatua zipi?

2. Katika mfano wa matofali 40, ungesema nini ndani ya kikao cha kikundi? Je, jibu lako lingebadilika kama kodi ya nyumba yako ingekuwa inadaiwa juma hilo?

3. Ni nini kilichokuwa sahihi katika sharti la kazi la mwaka 1974, na lingetakiwa kupimwaje ili lisigeuke desturi tupu?

4. Katika tawi au chuo chenu, ni nani anayefanya kazi bila ujira kwa jina la mafunzo, na mnachukua hatua gani?